Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Mashindano ya Makasia na Usalama wa Vyombo Mto Pangani

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, vijana habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua, nazipita haraka. Mashua mbili za chama zilitiwa kalafati mpya (pamba ya kuziba nyufa za mbao) na kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, makasia 8 yaliyopasuka yalibadilishwa, misiba ya wenzetu tulihudhuria, na mashindano ya mwaka yalifanyika Oktoba kwa timu 14. Mashua tatu zilipinduka. Watu wote walitoka majini salama, na hakuna chombo kilichokaribiana na kivuko.

Sasa nije kwenye lile linalosemwa vijiweni, kwamba mwenyekiti ameua mashindano. Malalamiko ni mawili. La kwanza, mstari wa kumalizia umeondolewa mbele ya soko ukapelekwa mita 400 juu ya njia ya kivuko, na watazamaji wa mjini hawakuona kitu. La pili, siku imetolewa kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ikawekwa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mashua zikakosa kasi. Kamati ilipitisha yote mawili, lakini aliyependekeza ni mimi, na leo ningependekeza vilevile.

Kivuko cha kati ya Pangani mjini na Bweni, ng'ambo yake, kinakata mto, hakifuati mto. Maji yanapotoka kwa nguvu, nahodha hawezi kukielekeza moja kwa moja kwenye gati la ng'ambo, maana mkondo utamshusha chini. Hupandisha omo (sehemu ya mbele) kuelekea juu ya mto, kisha huacha maji yamsogeze ubavuubavu mpaka ng'ambo. Mshika usukani wa mashua anayeshuka kutoka juu akitazama, huona omo la kivuko limeelekea pembeni, akadhani kinampisha. Kumbe ubavu wote ndio unaokuja kuziba njia yake. Na wapiga makasia wenyewe wameketi wakitazama tezi, yaani nyuma ya chombo, hawaoni kinachokuja mbele. Macho ya mashua nzima ni ya mtu mmoja.

Tufanye hesabu. Mashua ya makasia sita ikienda kilomita 12 kwa saa, na mkondo wa maji kupwa ukiisukuma kwa kilomita 4, ardhini inakwenda kilomita 16 kwa saa, yaani zaidi ya mita 4 kila sekunde. Kivuko kikiachia gati mashua ikiwa mita 150, zimebaki sekunde 34. Wapo wanaosema timu ikamate maji, yaani ishikilie makasia majini, na kuyarudisha nyuma. Wakifanya hivyo mashua itasimama juu ya maji, lakini maji hayajasimama. Mkondo huohuo utaendelea kuwapeleka mita 67 kila dakika, na sasa hawana mwendo wa kuongozea usukani. Mashua iliyolala ubavu kwenye kivuko, au kwenye nguzo yoyote ya daraja linalojengwa, hubanwa na maji upande wa juu, ikajaa na kupinduka kuelekea maji yanakotoka. Hapo jaketi okozi halitoshi, kwa sababu mtu hufyonzwa chini ya chombo.

Mzee mmoja aliuliza kwenye kikao cha Novemba kwa nini nisiombe kivuko kisimame nusu saa tu. Nilikwenda wilayani mara kadhaa kwa nauli yangu, na watu wa kivuko walinisikiliza kwa heshima. Jambo lenyewe ndilo lisilowezekana. Hospitali ya wilaya iko upande wa mjini. Mama mjamzito wa Bweni hawezi kuambiwa asubiri fainali. Na hata kivuko kikisimama, watu wenye haraka hawasimami. Watakodi mitumbwi na kukatiza katikati ya mashindano, kumi badala ya kivuko kimoja, na hao hawana honi wala redio. Kivuko kinachojulikana kilipo ni salama kuliko mitumbwi isiyojulikana itatokea wapi. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, nazo zinasema chombo kisichofika mita 20 kisiwe kizuizi kwa chombo kisichoweza kupita salama nje ya mlango mwembamba wa maji. Mashua zetu ndizo za kupisha.

Kuhusu maji mafu, nashangaa wavuvi wenzangu kunihoji. Siku za bamvua, pwani yetu hujaa kiasi cha saa 10 jioni, na saa 4 asubuhi mto umekupwa, matope yako nje. Kwa hiyo mashindano ya bamvua ni lazima yawe alasiri, upepo ukiwa umeshapanda, na raundi za mwisho ziangukie maji yanapoanza kutoka kwa nguvu huku jua linazama. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3, na yote hayo yanapita mlango huuhuu. Ukichukua siku ya 9 au ya 23 ya mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa 4 asubuhi, upepo haujachafuka, mkondo ni dhaifu, na mwanga unabaki wa kutosha kumtafuta mtu. Tulianza nusu saa kabla ya maji kujaa. Tahadhari moja: jedwali la maji kujaa na kupwa la Tanga linaeleza kina, halielezi mkondo wa mtoni. Maji huweza kuendelea kuingia baada ya saa iliyoandikwa, na mvua zikinyesha juu huko mto hushinda mapema. Tulitupa kifuu cha nazi majini kila robo saa na kukitazama kinaelekea wapi.

Maboya nayo yanataka akili. Siku ya maji mafu kamba ya boya unaweza kuikata karibu na kipimo cha kina, ukaongeza kidogo. Siku ya bamvua kamba iliyopimwa maji kupwa huzamisha boya maji yakijaa, na iliyopimwa maji kujaa huacha boya linatangatanga hadi njia ya jirani maji yakipungua. Dawa yake ni kufunga jiwe dogo katikati ya kamba livute ulegevu chini.

Boti za uokoaji zilikuwa nne. Moja ilikaa juu ya mstari wa kuanzia ikirudisha mitumbwi ya wavuvi, mbili zilifuata mashua kwa nyuma mita 30 ili mawimbi yao yasizijaze maji, na ya nne ilikaa kati ya mstari wa kumalizia na njia ya kivuko. Hiyo ya nne ndiyo muhimu kuliko zote. Kazi yake ni kudaka kitu chochote kinachoteremka, na haiondoki hapo hata kama mashua imepinduka juu. Iliwasiliana na kivuko kwa redio, chaneli ya 16 kwa kuitana. Filimbi fupi tano mfululizo kutoka kivuko maana yake nahodha hakuelewi, na mtu akizisikia aondoke njiani kwanza, maswali baadaye.

Kila boti ilibeba dereva na mwokoaji, basi. Baadhi yenu mlikasirika kuzuiwa kupanda na watoto mpate kupiga picha. Kuna boti gani ya uokoaji iliyojaa watazamaji? Feri ya MV Nyerere ilizama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018 ikiwa imepakia kupita uwezo wake, tena imekaribia kabisa kutia gati, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Sitabadilisha msimamo huo.

Mambo yaliyokwenda kombo yalitokana na mazoezi kukosekana. Dereva mmoja alimwendea mtu aliyepinduka akitoka juu ya mkondo, na maji yakamsukuma juu ya mtu huyo. Aliyepinduka huendewa kutoka chini, omo likitazama mkondo, na injini huzimwa kabisa kabla ya kumvuta, si kuachwa tupu bila gia, maana pangaboi (panga la injini) huweza kuendelea kuzunguka taratibu. Kamba moja ya nailoni ilizama na kujisokota kwenye pangaboi. Kamba ya kurushia iwe ile ya plastiki inayoelea, mita 15 hadi 20. Na vijana wawili waliiacha mashua yao wakaogelea kuelekea ufukoni. Ukipinduka, ng'ang'ania mashua. Inaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Yote haya yalifundishwa kwenye siku ya mafunzo. Waliotakiwa ni waokoaji 24. Walifika 9. Mkutano wa Julai haukutimiza akidi, na wa Novemba ulitimia saa tatu baada ya muda, wakati siku ya zawadi hapakuwa na pa kukanyaga. Inaniuma.

Fedha: wanachama 64, ada shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote 19, nusu 11, waliobaki 34 hawajatoa hata senti. Ada iliyopatikana 588,000 badala ya 1,536,000. Viingilio vya timu 420,000. Matumizi: petroli na oili 290,000, kamba, maboya na bendera 215,000, zawadi 350,000, chakula cha waokoaji na mengineyo 180,000. Jumla 1,035,000. Pengo la 27,000 nimeliziba mwenyewe, sidai. Lakini wanaodai mashindano makubwa zaidi wengi wao wamo kwenye wale 34.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata redio ya pili na mfadhili wa petroli, na mazungumzo kuhusu jukwaa la watazamaji karibu na mstari mpya yanaendelea vizuri.

Majaketi okozi 6 hayajarudi stoo tangu Oktoba. Aliye nalo alirudishe kwa mtunza stoo wiki hii, akiwa amelisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti