Chapa za Tokaido si kazi ya Hiroshige peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu chapa za mbao za Hiroshige, mchoraji wa Japani, za vituo 53 vya barabara ya Tokaido, kutoka Edo (Tokyo ya leo) hadi Kyoto, ilieleza vyema mito, theluji na wasafiri. Ila mafundi mliwasahau kabisa, na bila wao hapana picha.

Hiroshige alichora. Mchongaji aliubandika mchoro kifudifudi kwenye ubao wa mcheri, akachonga akipita juu ya karatasi yenyewe, nayo ikaishia hapo. Kisha zikachongwa mbao za rangi, na kuzikutanisha rangi hizo ikawa kazi ya mchapaji. Alitegemea kento, yaani mikato miwili pembeni mwa kila ubao, mmoja wa pembe na mmoja ulionyooka, inayoshika karatasi mahali pale pale. Karatasi, ya nyuzi za mforosadi, huchapwa ikiwa na unyevu. Ikikauka kabla kazi haijaisha husinyaa, na rangi hutoka nje ya mistari. Ikilowa mno, rangi husambaa.

Ustadi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni bokashi: rangi iliyokolea ikififia polepole, kama ile buluu ya Prusia juu ya anga. Mpito huo haukuchongwa. Mchapaji alilowesha ubao, akatia rangi upande mmoja, akaitandaza kwa brashi, akalaza karatasi na kuisugua kwa bareni, yaani kisuguio cha mviringo cha mkononi. Alifanya hivyo upya kwa kila nakala. Ndiyo sababu picha ya usiku wa theluji katika kituo cha Kanbara ina sura mbili: kuna nakala ambazo giza limekolea juu, na nyingine ambazo limekolea chini ya anga.

Toleo la Hoeido, la mchapishaji Takenouchi Magohachi, la miaka ya 1833 na 1834, lina picha 55, kwani Nihonbashi, mwanzo wa barabara huko Edo, na Kyoto, mwisho wake, zimo pia. Mbao zake zilichapwa hadi zikachakaa. Anayelinganisha nakala atazame mistari myembamba: ikiwa imekatika au kunenepa, ubao ulikwisha choka. Kwenye picha ya mvua katika kituo cha Shono atazame pia mwavuli. Nakala za mwanzo zina maandishi yanayotaja jina la mchapishaji, za baadaye hazina.

Mkichapisha tena picha hizi, tafadhali msikate pambizo, maana mihuri mingine imo humo, na mtaje toleo.

Msomaji wenu