Wanaohamishwa wapewe viwanja pamoja na majirani zao

Mhariri,

Kanuni za fidia ya ardhi za Tanzania za mwaka 2001 zimempima kwa makini mtu anayehamishwa. Analipwa thamani ya ardhi na ya alichokiendeleza juu yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, na gharama za kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Hata kabati na magunia yamepata hesabu yake. Jirani hayumo. Haulizwi mtu nani hukaa na mtoto wake akienda kliniki, wala nani anashika ufunguo wa sanduku la kikoba chao cha kuweka na kukopa.

Sisi ni wauguzi wa afya ya akili na maafisa ustawi wa jamii tunaofanya kazi hapa Dodoma. Ombi letu kwa wanaogawa viwanja ni moja: watu wahame kwa makundi ya majirani, si kaya moja moja.

Jambo hili lina haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini; ya 2022 ikahesabu 765,179. Reli mpya, barabara ya mzunguko na Mji wa Serikali pale Mtumba vyote vimehitaji ardhi iliyokuwa na watu au mashamba yao. Na kuna makorongo. Korongo la Dodoma hukaa kavu miezi mingi, watoto wakacheza mpira ndani yake, kisha mvua ya kati ya Desemba na Aprili hulijaza kwa muda mfupi hata wa kuokoa godoro usipatikane. Majirani zetu wa Hanang tuliona yaliyowapata tarehe 3 Desemba 2023: tope lilishuka mlimani likaua watu zaidi ya 80 na kuwaacha wengi bila makazi.

Aliyepona katika tukio la namna hiyo hubaki na akili inayolinda mlango dhidi ya hatari iliyokwisha kupita. Mvua inaanza kugonga bati saa 8 usiku. Mama anaamka, anavaa viatu, anamfunga mtoto mgongoni na kukaa kizingitini mpaka kunapambazuka, ingawa nyumba mpya iko juu ya kilima na maji hayawezi kufika. Mtoto wa miaka 8 aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Hayo katika wiki za mwanzo si ugonjwa. Wengi hutulia wenyewe, ila wanatulia wakiwa na watu. Mwaka 2007 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilichapisha mambo matano yanayomsaidia mtu baada ya maafa makubwa: kuwa salama, kutulia, kujiona kwamba yeye na wenzake wanaweza, kuwa na watu wake, na kuwa na matumaini. Ukiyatazama vizuri, hakuna hata moja linaloanzia hospitalini. Yule mama wa kizingitini anahitaji mtu ng'ambo ya ukuta atakayemwita kwa jina, "Mama Neema, lala, niko macho." Hawezi kulisema hilo mtu aliyefahamiana naye juzi.

Dunia imekwisha kulipia somo hili. Tarehe 26 Februari 1972 bwawa la taka za makaa ya mawe lilipasuka katika bonde la Buffalo Creek, West Virginia, Marekani. Watu 125 walikufa, na kama 4,000 wakakosa makazi. Serikali ilileta nyumba za muda upesi, lakini ikazigawa bila kujali nani alikuwa akiishi na nani, na vijiji vikachanganywa. Miaka baadaye watu bado walikuwa hawajapata nafuu, na waliowachunguza waliona majeraha mawili: la mafuriko yenyewe, na la kupoteza jamii yao. Huko Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995, nyumba za muda zilitolewa kwa bahati nasibu, wazee na wenye ulemavu wakitangulizwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake wazee wakajikuta wamekusanywa mahali pamoja, hawajuani, na zaidi ya 200 walikufa wakiwa peke yao ndani ya nyumba hizo. Huko huko Japani, baada ya tsunami ya 2011, katika mji wa Iwanuma, baadhi walihama kama kikundi na wengine kwa bahati nasibu. Bahati nzuri wazee wa mji ule walikuwa wamehojiwa miezi 7 kabla ya maafa, hivyo palikuwa na cha kulinganisha: waliohama pamoja walizidi kutembeleana, waliotawanywa wakapungukiwa.

Tuurudishe mfano nyumbani. Chukua kikoba cha watu 25. Sanduku lina kufuli 3, funguo ziko kwa watu 3 tofauti, na wote wakutane kila wiki ndipo lifunguliwe. Mmoja akipewa kiwanja upande wa Msalato, mwingine Mtumba, wa tatu Zuzu, sanduku limekufa bila kuibwa. Hela ya jamii iliyokuwa ikimfariji mfiwa na kumpeleka mgonjwa hospitali nayo imekufa. Ndivyo kinavyokufa kikundi cha kufa na kuzikana, ndivyo inavyokufa jumuiya ndogondogo. Hata utani unapotea: yule mtani ambaye angezuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, na mfiwa akajikuta amecheka katikati ya kilio, hawezi kuja kwenye msiba ambao hajausikia.

Namna ya kufanya ni rahisi, ila ina hatua ambazo zisirukwe. Kabla orodha haijafika kwa maafisa ardhi, mjumbe wa nyumba kumi apite kila kaya na daftari, aulize maswali 3: ungemwamsha nani saa 8 usiku? Nani hukaa na watoto wako? Nani huja kwanza ukifiwa? Kila kaya itaje majirani 3. Waliotajana waunganishwe mpaka lipatikane kundi la kaya 10 hadi 15. Likipungua sana, kuhama kwa kaya mbili tu kunalivunja. Likizidi 20, wanaanza kutofahamiana. Bahati nasibu ibaki, maana inazuia upendeleo, lakini kikaratasi kimoja kiokotwe kwa niaba ya kundi zima, nalo lipate viwanja vinavyopakana. Ndani ya kundi wagawane wenyewe, na waruhusiwe kubadilishana kwa siku 30 za mwanzo.

Panapoharibika tunapajua. Kwanza, anaulizwa baba peke yake. Fomu ina jina lake, lakini anayeazima moto, ndoo na chumvi ni mama, na majirani anaowataja si wale wale. Mama aulizwe peke yake, faraghani, kwa sababu nyingine pia: kuna mwanamke ambaye jirani wa karibu ni mkwe anayeona akipigwa na kunyamaza. Huyo apewe nafasi ya kusema hataki kundi hilo, na sababu isiandikwe popote. Ujirani hauponyi kila mtu, na tusimfunge mtu kwenye kamba iliyokuwa ikimnyonga.

Pili, wapangaji husahauliwa. Hawana fidia ya ardhi, lakini bibi mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi kwa kutegemea mpangaji anayemchotea maji. Tatu, kiwanja cha barabarani. Mwenye uwezo atakitaka na ataliacha kundi. Makubaliano kuhusu viwanja vya kona na vya biashara yafanyike kabla ya kuokota vikaratasi. Nne, makaburi. Yanapohamishwa, familia za kundi moja zipangiwe siku moja, ili wazee na viongozi wa dini wawepo na asibaki mtu analia pembeni ya shimo na mafundi wa halmashauri tu.

Kwenye mafuriko, mpangilio huo uanze siku ile ile. Madarasa yanapogeuzwa makazi, watu wasiingizwe kwa jinsi wanavyofika. Jina la mjumbe liandikwe kwa chaki kwenye mlango, na watu wake walale humo. Inapowezekana, wapewe unga, mafuta na sufuria wapike kwa zamu, kuliko kupangwa foleni ya sahani. Anayekoroga ugali wa wenzake ameanza tena kujiona ana uwezo.

Wanaokuja kufariji nao tunawaomba washike maneno 3 ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia, sikiliza, unganisha. Usimlazimishe mtu kusimulia alivyoona wenzake wakichukuliwa na maji. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha kumsimulisha mtu tukio namna hiyo, kwa sababu hakizuii madhara ya baadaye. "Jikaze, wewe mwanaume" na "shukuru umepona" ziachwe. Na dawa za usingizi za jamii ya diazepam zisigawiwe kwa sababu ya mshtuko katika mwezi wa kwanza.

Kundi litawatosha wengi, si wote. Ndoto za tukio, kukwepa kila kinacholikumbusha na kushtuka ovyo vikipita mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi, apelekwe zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo apewe rufaa. Majonzi yanayomshika mfiwa vile vile baada ya miezi 6 nayo yanahitaji mtaalamu. Anayesema afadhali afe asisubiri hata usiku mmoja, na asiachwe peke yake njiani.

Tunaomba daftari la wajumbe lianze Oktoba katika mitaa iliyo kando ya makorongo, na popote ambako uthamini wa fidia unaendelea. Fomu ya uthamini iongezewe safu moja, karibu na ile ya tani 12: majina ya majirani 3.

Wauguzi wa afya ya akili na maafisa ustawi wa jamii,
Dodoma