Barua kwa vijana wa anketi wa Bukavu

Wanangu mnaopanda na kushuka vilima vya Kadutu, Bagira na Panzi, mkiwahoji watu kwa anketi zenu za utafiti, tableti mkononi na jile, ile fulana ya kazi, mgongoni,

Nimekuwa akusheze, mkunga, kwa miaka thelathini na minne. Sasa nakaa Cimpunda na wajukuu, na magoti yanayonitangazia mvua kabla ya mawingu. Kazi yenu siidharau. Najua wengi wenu mmemaliza lisansi ya chuo kikuu na hamna mkate mwingine ila hizo anketi za siku tano, siku kumi. Ninachowaandikia kinatoka uani kwetu, mwezi uliopita.

Jirani yangu, mama wa watoto sita, alikuwa ameketi kwenye kibao anachambua maharage. Mmoja wenu akaja, kijana mwenye adabu, akasalimia vizuri, akaanza. Umri? Watoto wangapi? Kazi yako ni gani, mama? Mama akajibu bila kuinua macho, "Sina kazi." Kijana akagusa kioo, akasonga mbele. Ile mikono haikusimama hata mara moja: maharage mazima kwenye beseni, mabovu chini, kuku wanayapokea. Saa kumi za usiku mama huyo alikuwa robine, bombani, maana kwetu maji hutoka usiku, tena yakipenda. Alipandisha bidoni nne za lita ishirini, moja moja, kwenye njia ya utelezi ambayo mimi siwezi tena. Babula, jiko la makaa, ilikuwa imeshawaka kabla jua halijatoka. Hana kazi.

Baadaye kidogo yeye ndiye akauliza. "Mwanangu, hii sindano ya kupanga uzazi, kweli inafunga kizazi kabisa?" Kijana akatabasamu. "Mama, mimi nauliza tu. Sijibu." Akapita kwenye swali linalofuata.

Sikuweza kumkasirikia, maana nilijiona mimi mwenyewe. Kwenye fishi, zile karatasi za wazazi, penye mstari wa kazi, niliandika "menajere", yaani mama wa nyumbani, mara zisizo na hesabu, na nikiwa na haraka niliweka kistari tu. Mama akiniuliza jambo kutoka kitandani, nilimwambia, "Utamuuliza daktari." Daktari alipita mara moja kwa siku, na alipita akitembea.

Kuna Mwingereza mmoja ningetaka mmjue. Anaitwa Ann Oakley, mwanasosholojia, alizaliwa London mwaka 1944. Baba yake, Richard Titmuss, alikuwa profesa mwenye jina, kwa hiyo vitabu havikumpungukia. Alisoma Oxford, akaolewa kijana, akazaa wawili karibu karibu, akajikuta nyumbani na sahani na nepi, na huzuni asiyojua pa kuipeleka. Ndipo akafanya jambo ambalo naliona ni la akili sana: kile kilichokuwa kinamchosha akakifanya somo la utafiti wa shahada yake ya PhD. Kwa wasomi wengi wa siku zile kazi ilikuwa ya kiwandani na ofisini. Ya jikoni haikuwa kazi.

Yeye akaenda kwa akina mama 40 wa London wenye watoto, akawauliza yale yale wanayoulizwa wafanyakazi wa viwandani. Kazi inachosha? Inajirudia? Unakimbizwa na saa? Akahesabu na muda. Kwa wastani ilikuwa saa 77 kwa wiki. Aliyefanya chache alifanya 48, naye alikuwa na ajira nje ya nyumba. Aliyefanya nyingi alifikisha 105. Kitabu kikatoka 1974. Na hao ni wanawake wa mji wenye bomba ndani ya nyumba! Jirani yangu mngempa saa ngapi, sijui. Anzeni na bidoni.

Lakini ninachompendea hasa ni kazi yake ya baadaye. Alifuata wanawake wenye mimba ya kwanza, akawa anazungumza nao kabla ya kuzaa na baada ya kuzaa. Vitabu vya utafiti wakati huo vilifundisha kama wanavyowafundisha ninyi: ukiulizwa, kwepa, usije ukaharibu majibu. Akajaribu kukwepa, akashindwa. Kisha akayahesabu maswali aliyoulizwa yeye. Yalikuwa 878. Mmoja aliuliza mtoto hutokea tundu gani. Msicheke. Nimeulizwa swali hilo Kadutu na msichana ambaye uchungu ulikuwa umeshaanza, na ananong'ona ili mama mkwe asisikie. Unamwambia mtu kama huyo kwamba wewe unauliza tu? Oakley aliwajibu, na mwaka 1981 akaandika wazi kwamba kumhoji mwanamke huku unamficha unachokijua si utafiti wa haki.

Ameandika riwaya pia. Ile ya 1988 iligeuzwa mchezo wa televisheni na BBC mwaka 1991, habari za mwanamke msomi na mapenzi yake na mkubwa wake kazini. Mapenzi ya maprofesa hayaninyimi usingizi. Ila naelewa kwa nini mtu wa hesabu aligeukia hadithi: saa 77 hazikwambii mama alikuwa anawaza nini alipokuwa anapiga deki.

Sasa, mkubwa wenu atasema mkijibu, takwimu zitaharibika. Sawa. Basi jibuni mwisho, anketi ikishafungwa, tableti iko mfukoni. Usichokijua usikibuni, kabla hujapanda kilima uliza kituo cha afya kiko wapi na hupokea siku gani, ili uwe na pa kumwelekeza. Jibu la jirani yangu nilimpa mimi kijana alipokwisha kuondoka, na halikuchukua hata dakika: hapana, sindano haifungi kizazi, ila ukiiacha mimba inaweza kukawia miezi kadhaa, hata karibu mwaka. Alikuwa ameishi na hofu hiyo tangu kitinda mimba wake.

Na penye "kazi", msiulize kazi. Ulizeni, "Jana uliamka saa ngapi, ukaanza na nini?" Halafu nyamazeni. Fishi ikikataa majibu marefu, andikeni pembeni, kwenye daftari. Msaidieni basi hata kuchambua hayo maharage mkiwa mnasikiliza. Mikono yenu haina kazi wakati huo.

Jambo moja zaidi la Oakley. Zaidi ya miaka thelathini ilipita, yeye ni bibi sasa, akarudi kuwatafuta wale wanawake wa mimba ya kwanza. Wengi aliwapata, wakazungumza tena. Akakiri kwamba zamani alirahisisha mambo alipodhani wanawake wawili wakikaa pamoja tayari wamekuwa dada; mwenye kuuliza ana nguvu zake. Masimulizi waliyompa akayaita zawadi.

Kijana wetu naye alisema atarudi kuonyesha matokeo. Jirani yangu analikumbuka jina lake lote. Juzi anatandika sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye jua, akaniita kutoka upande wa pili wa ua, "Akusheze, yule mtoto wa tableti hajapita?" Nikamwambia nitawaandikia.

Ni mimi mama yenu,
Akusheze wa Cimpunda