Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mrejesho kwa Wanafunzi wa Uuguzi

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka, semina ya wakufunzi wapya na usimamizi wa mitihani ya vitendo vilifanyika kama ilivyopangwa. Mlikuwapo, hivyo sitayarudia.

Ninalowajibika kulieleza ni uamuzi wa kuachana na fomu ya mrejesho, yaani maoni ya mkufunzi kuhusu kazi ya mwanafunzi, iliyojazwa mwishoni mwa zamu ya wodini, pamoja na mtindo wa kulificha kosa katikati ya sifa mbili. Nimelaumiwa kwamba niliuharakisha. Rasimu niliiandika mimi mwenyewe, na bado naitetea. Katika chumba cha mazoezi nilimwona mwanafunzi akiweka mpira wa mkojo kwenye mwanasesere. Glavu yake iligusa ukingo wa shuka, naye akaendelea kuushika mpira kwa mkono uleule. Aliambiwa amejitahidi, aongeze umakini, kazi nzuri. Wiki tatu baadaye alisoma kwenye fomu maneno mawili, "azingatie usafi", akaja kuniuliza alikosea wapi, na mkufunzi aliyeyaandika hakukumbuka.

Utaratibu tulioupitisha, ambao mwanasaikolojia Pendleton na wenzake waliuchapisha mwaka 1984 kwa ajili ya mafunzo ya madaktari, unataka mwanafunzi aanze kutaja alichofanya vyema, mkufunzi aongeze, kisha mwanafunzi aseme angebadilisha nini, na mkufunzi amalizie. Sisi tumeongeza kwamba mazungumzo yafanyike siku hiyohiyo, mbali na masikio ya mgonjwa, na yaishie kwenye jambo moja la kurudia kwa vitendo. Wanaosema kwamba mwanafunzi husikiliza sifa huku akingoja lawama wana hoja, ndiyo maana tumeruhusu mpangilio ulegezwe kwa mwanafunzi aliyekwisha kulitambua kosa lake. Aidha, mgonjwa anapokuwa hatarini, mkufunzi husimamisha kazi papo hapo. Hakuna anayesubiri zamu yake ya kusema. Hoja ya kukosa muda siikubali, kwa kuwa dakika tano za mazungumzo hayo ni chache kuliko muda tuliokuwa tukiutumia kujaza fomu ambazo hazikumfunza mtu.

Inanisikitisha kwamba kati ya wanachama 58, waliohudhuria mkutano wa uamuzi walikuwa 21, akidi ya theluthi moja ikatimia kwa shida, na waliolipa ada ya mwaka ni 26 tu. Baadhi ya wanaolalamika kwamba hawakushirikishwa waliletewa rasimu mwezi mzima kabla ya mkutano, na sikupokea hata mstari mmoja wa maoni yao. Nilijibu kila barua iliyonifikia.

Mwaka ujao tunatarajia, fedha zikipatikana, kuwakutanisha wakufunzi wafanye mazoezi ya kutoa mrejesho wao kwa wao, na pengine kuwaalika wanafunzi watueleze wanavyoupokea. Tarehe itatangazwa baada ya ada kukusanywa.

Mwenyekiti