Dada, taa ya Bibi si ya Wareno

Asalaam aleikum Dada,

Picha uliyotuma kwenye kundi la ukoo nimeiona. Sebule yako ya Muscat imependeza, mashaallah, na wanao wamekua. Lakini kuwaambia watu taa ya Bibi ni ya Wareno! Wareno walitolewa Fort Jesus mwaka 1698. Taa za mafuta ya taa zimeanza kuenea miaka ya 1850. Ile yetu kichwa chake, pale tambi inapopita na kuwaka, kimetoka Birmingham, Uingereza. Kwenye kitufe cha kupandishia tambi pameandikwa Hinks, jina la watengenezaji waliosajili kichwa cha tambi mbili pacha mwaka 1865.

Bibi hayo hakuyajua wala hakuyajali. Akiligonga tungi la mafuta kwa ukucha, likalia kwa muda, akacheka: "Hii si chupa." Kweli. Bilauri ya kukatwa, kioo kile cha thamani, ina madini ya risasi ndani, ndiyo maana ni nzito na inalia. Pitisha kidole kwenye nakshi, kingo ni kali, na huoni mstari wa kalibu.

Haya, siku ya hitma. Vikombe vya kahawa havijaoshwa, nawe umeshamketisha fundi umeme ukumbini na keekee yake. Akalitoboa tungi chini, waya upite. Unga wa kioo ukamwagikia msala wa Bibi, na wewe unauliza balbu iwe nyeupe au ya manjano! Kuna vishikio vya balbu vinavyokaa pale pale pa kichwa, havitoboi kitu. Ungeniuliza tu.

Sasa sikiliza. Usiioshe kwa maji ya moto, itapasuka. Usimpe yule dalali. Lile tundu limeshaishusha bei, atakupunja. Na usiendelee kuwaambia watu nimeiba kichwa. Nilikitoa kabla fundi hajafika, ndiyo. Umeme ulipokatika Unguja nzima, Desemba 2009 hadi Machi 2010, nani alikuwa akikata tambi na kupangusa masizi kwenye chemni, Bibi apate kusoma uradi wake? Wewe ulikuwa ukipiga simu kutupa pole. Hilo si wizi, Dada. Ni fungu langu, na hata shehe akituamua atasema hivyo.

Nguo za Idi za mwanangu zimefika, ahsante, zimemkaa vizuri sana. Ila kichwa simpi mtu yeyote akuletee. Ukikitaka panda ndege uje, na tungi uje nalo.