Harambee ya Birika na Walinzi wa Viota, Ziwa Ol Bolossat

Ndugu na majirani, wana wa Nyandarua mlio nyumbani na mlio mbali,

Tunajua wengine watacheka. Harambee ya karo, ya hospitali, ya mazishi tumezizoea. Ya ndege ndiyo hii ya kwanza. Tuvumilieni kidogo.

Korongo taji, yule mwenye shungi la dhahabu, hulala mtini lakini kiota hujenga chini, katikati ya majani ya kinamasi. Hutaga mayai mawili au matatu, na dume na jike huyaatamia kwa zamu karibu mwezi mzima. Mwezi huo ndio unaotushinda. Ng'ombe wakishuka kunywa maji hupitia humo humo. Msimu uliopita, waliokanyaga kiota karibu na shamba langu walikuwa wangu mimi, katibu wa kikundi hiki, kwa hiyo simnyoshei mtu kidole. Mbwa nao hula vifaranga, na wapo watu wanaowabeba kwenda kuwauza. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza, lakini sheria hailali kinamasini.

Kilichotupa moyo ni habari ya kwarara wa Uchina, ndege mweupe mwenye shungi na uso mwekundu. Wengi walidhani amekwisha porini. Mwaka 1981 watafiti wakawapata saba tu huko Yangxian: jozi mbili na makinda matatu. Hakuwa ndege wa msitu wa mbali. Alikula samaki wadogo na vyura katika majaruba ya wanavijiji, akajenga kwenye miti yao. Basi dawa za wadudu zikapigwa marufuku mashambani humo, miti ya viota ikaachwa bila kukatwa, walinzi wakawekwa chini yake, na nyavu zikatandazwa kudaka kinda linaloanguka. Leo wamefika maelfu. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa mtu kukaa chini ya mti na kungoja!

Sisi hatuna mti wa kukaa chini yake, tuna matope. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni birika la saruji la kunyweshea mifugo, mbali na matete. Hata asiyejali ndege afikirie minyoo ya ini inayopata ng'ombe wanaolishia kinamasini. La pili ni posho, gambuti na tochi za vijana wanne watakaolinda viota msimu wa kutaga. Darubini zingoje, vijana hawa wana macho.

Fundi amekadiria birika kwa shilingi 190,000. Ulinzi utachukua 120,000. Wanachama tumeshachanga 42,000, nyingi zikitoka kwa akina mama wa kikundi, na wanaume wanajua hilo.

Tukutane Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kadi za mchango ziko kwa mweka hazina, na mlio mbali mtatumiwa namba ya kuchangia. Hata mia moja tutaiandika. Asiye na pesa alete mchanga, kokoto au siku moja ya kazi. Mimi naleta mifuko mitatu ya saruji, kwa ajili ya yale mayai.