Dada Candiru, naomba uiangalie hii grafu kabla ya mkutano

Bwera, Kasese, Uganda

Dada yangu Candiru,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Sisi wazima, watoto wazima, mvua imeanza na njia ya mlimani imeshakuwa tope tupu. Mama anakuulizia kila akisikia mtu katoka Arua. Pole tena kwa msiba wa mjomba. Tangu siku zile simu zetu zimekuwa za haraka haraka na mengi hatujasimuliana. Yale ya shemeji na kiwanja nitakueleza siku nyingine, maana leo nina jambo linaloninyima usingizi, na mtu wa kulisikia vizuri ni wewe.

Ni ile grafu ya ushirika wetu wa kahawa.

Mwenyekiti alimwambia kijana wetu wa mizani, mtoto wa Mama Sifa, atengeneze picha moja ya kuwaonyesha wanachama mwaka mzima wa kahawa, Oktoba mpaka Septemba: kilo tulizopokea na bei tuliyolipa. Kijana ana bidii. Alifungua LibreOffice, ile programu ya majedwali, kwenye ile kompyuta ya zamani, akachagua chati ya nguzo na mstari. Kilo zikawa nguzo, bei ikawa mstari. Mwanzoni mstari ulilala sakafuni, kwa sababu kilo za mwezi zinafika makumi ya maelfu na bei ya kilo ni shilingi elfu chache. Ukiziweka kwenye mhimili mmoja, yaani ngazi moja ya namba pembeni mwa grafu, bei haionekani ikipanda wala ikishuka. Basi akafanya kama ulivyotufundisha: akabofya mstari, akaingia kwenye mpangilio wake, akauhamishia mhimili wa pili, ule wa kulia. Mstari ukainuka, picha ikapendeza. Mpaka hapo simlaumu kwa lolote.

Moto uliwaka kamati ilipoiona. Mstari unaanza juu ya nguzo, unateremka, kisha katika miezi ya mavuno mengi unakata vichwa vya nguzo na kuzama ndani yake, halafu baadaye unatokeza tena. Mzee wa Kyarumba akaweka kidole palepale unapozama. Akasema, "Hapa ndipo bei ilipoanguka chini ya kahawa yetu. Miezi hii nani alishika pesa?" Watu wote wakamgeukia Baba Thembo, mtunza pesa wetu.

Unamjua Baba Thembo, Candiru. Ndiye aliyerudi usiku kwa miguu kumpelekea mjane chenji yake iliyosahauliwa mezani. Sasa ananyooshewa kidole kwa sababu mstari wa rangi ya machungwa umepita mbele ya nguzo za buluu. Tangu siku ile haji ofisini mpaka aitwe, na mkewe hanisalimii kanisani kama zamani.

Nataka nikuandikie ninavyolielewa, na nikikosea unisahihishe, maana nitasimama mbele ya watu. Kilo na shilingi hazina mahali pa kukutania. Nguzo zinasomwa kwa namba za kushoto, mstari unasomwa kwa namba za kulia, na programu ndiyo iliyoamua kila upande uanzie wapi na uishie wapi. Pale mstari unapokata nguzo hapakutokea kitu chochote. Tena bei zetu za mwaka huu zimekaribiana sana, ya juu na ya chini zinapishana kwa shilingi mia mbili hivi tu kwa kilo, na namba zikikaribiana namna hiyo programu ikiachwa yenyewe haianzii sifuri. Imeanzia karibu na bei ya chini kabisa. Ndiyo maana shilingi mia mbili zinaonekana kama jabali limebomoka.

Nikaketi na Baba Thembo na yule kijana, nikawaonyesha. Sikugusa jedwali. Nilibadilisha namba moja tu, ukomo wa juu wa mhimili wa kulia. Mstari wote ukashuka, makutano yakahamia miezi mingine. Kisha nikauanzisha mhimili uleule kwenye sifuri: mstari ukapanda juu ya nguzo zote, ukakaribia kunyooka, na hapakuwa tena na mwezi wa kuzama. Baba Thembo aliinamisha uso akakaa kimya muda mrefu. Kijana alitaka kulia, nikamwambia hajaiba wala hajadanganya, picha ndiyo imejibu swali ambalo hakuna aliyeiuliza.

Basi nikaenda kwa kamati na kompyuta yangu, nikawafanyia vilevile. Unajua Mzee wa Kyarumba alisemaje? "Kumbe kompyuta inasema lolote unalotaka iseme. Turudi kwenye daftari."

Hilo ndilo linaloniumiza, dada. Kesi ya Baba Thembo nadhani tutaimaliza, lakini hili la kompyuta ni kubwa kuliko yeye. Siwezi kuwalaumu wazee. Miaka mingi waliuza kwa watu waliokuja na mizani iliyochezewa, wakaambiwa uzito ni huu na wakakubali kwa kuwa hawakuwa na namba zao wenyewe. Sisi tukawashawishi: leteni nyekundu, yaani kahawa iliyoiva, pimeni mbele ya macho yenu, kila kilo iandikwe, kila mwisho wa mwezi mtaona. Wameamini. Sasa wameona picha ileile ikigeuka mikononi mwangu na namba hazijabadilika. Ningekuwa mimi mahali pao ningeogopa pia. Ninawaambiaje kwamba namba ni kweli na picha nayo inaweza kuwa kweli, ila ni lazima tukubaliane kwanza inasomwaje?

Na kuna lingine. Wengi wanadhani bei ilishuka kwa sababu sisi tulileta nyingi. Mavuno yetu hayaitikisi bei ya arabika, aina hii ya kahawa tunayolima. Inapangwa kwenye soko la New York, na Brazil ikipata baridi au ikipata mvua nzuri sisi tunaisikia hapa Bwera. Unakumbuka Julai 2021 barafu ilipounguza mibuni ya Brazil, bei ikaruka? Hakuna mkulima wa Rwenzori aliyefanya chochote tofauti mwezi ule. Halafu dola nayo ina mambo yake na shilingi yetu. Lakini weka nguzo ndefu karibu na mstari unaoshuka, jicho litaunganisha tu hata ukikatazwa.

Kwa hiyo nimefikiria hivi. Swali la wanachama ni moja: mnunuzi alilipa ngapi, sisi tulipata ngapi, na iliyobaki katikati ilikwenda wapi? Hizo zote ni shilingi. Zikae kwenye mhimili mmoja, kuanzia sifuri, mistari miwili. Hapo mistari ikikaribiana imekaribiana kweli, na ikiachana imeachana kweli, na Baba Thembo atasimama na kitabu chake aeleze pengo la kila mwezi: magunia, kukausha, gari, walinzi. Kilo zichorwe peke yake chini, grafu ndogo ya nguzo, miezi imepangwa sawasawa na ile ya juu ili anayetaka kulinganisha alinganishe kwa kushusha kidole.

Ila kuna shimo hapo na naliogopa. Sisi tunamlipa mkulima kwa kilo ya nyekundu, mnunuzi anatulipa kwa kilo ya kavu, ile iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa. Kilo moja ya kavu inatokana na kilo tano hivi za nyekundu. Tukichora bei mbili hizo kama zilivyo, pengo litakuwa la kutisha, watu watamfukuza Baba Thembo kabla hajafungua mdomo! Lazima tuzigeuze zote ziwe kwa kipimo kimoja. Nataka kutumia hesabu za kinu chetu wenyewe, mwezi kwa mwezi, maana mwanzoni mwa msimu nyekundu huja na mbichi nyingi ndani yake na kavu inayotoka ni pungufu. Kijana anasema atumie tano miezi yote, ni rahisi. Mimi sitaki. Mtu akija na hesabu yake ya shambani ikapishana na yetu, tumerudi palepale.

Nilikumbuka ile picha uliyonitumia ya yule Mskoti, William Playfair, ya mwaka 1821, bei ya ngano kwa nguzo na mshahara wa fundi kwa mstari, karne mbili na nusu kwenye karatasi moja. Niliitazama tena juzi. Yeye aliweka zote kwa shilingi za kwao kwenye mhimili mmoja, na hapo alifanya vizuri. Lakini alitaka kuonyesha kwamba kwa mshahara wa fundi ngano imekuwa rahisi kuliko zamani, na hilo kwa macho hulioni, mstari umekaa chini huko na nguzo zinapandana juu yake. Angegawanya moja kwa nyingine, akachora jibu lenyewe. Ndipo nikasema na sisi tusiwabebeshe wazee kazi ya kugawanya kichwani.

Mkutano utafanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Hakuna mashine ya kurusha picha ukutani, na umeme unajua wenyewe, kwa hiyo tutachapa karatasi pale Mpondwe, nyeusi na nyeupe. Nilichapa moja ya majaribio: machungwa na buluu zote zimekuwa kijivu kimoja, na kile kisanduku cha maelezo hakimsaidii mtu. Nimemwambia kijana afute kisanduku, aandike jina la kila mstari kwenye mwisho wake, mmoja uwe mzito na mwingine wa vitone, herufi kubwa kwa ajili ya wasio na miwani. Ah, na alikuwa ameacha namba za mwaka zisomwe kama data, kukawa na nguzo fupi zote sawa za elfu mbili na kitu. Mama Sifa akauliza hiyo ni kahawa ya nani.

Faili nimekutumia kwa barua pepe, jedwali lenyewe pamoja na grafu zote, ile ya kwanza na hii mpya. Naomba uifungue kwenye Excel yako uone kama mihimili haijabadilika njiani.

Sasa niambie, dada. Ile grafu ya kwanza niifiche, au niichape pia na kuwaonyesha wote wazi kwamba makutano yale hayana maana? Mwenyekiti anataka tuifiche. Mimi naona tukiificha watasema tumeficha. Unadhani mkulima aliyeishia darasa la nne ataelewa kugeuza nyekundu kuwa kavu nikimpimia debe mbele yake? Na pengo la katikati lichorwe kama mistari miwili tu, au lijazwe rangi? Huko kwenu mliwahi kuonyesha bei kwa wakulima wa tumbaku, waliipokeaje? Je, unaweza kupata ruhusa uje? Nauli ya basi tutachanga, na kitanda kipo. Wewe si mtu wa hapa, huna kahawa wala ndugu kwenye kamati, na neno lako kuhusu Baba Thembo litasikika kuliko langu. Kama haiwezekani, unirekodie sauti kwa Kiswahili chepesi, kile cha migodini Kilembe, niwachezee ukumbini.

Usikawie kunijibu. Kijana anasubiri, na Baba Thembo anasubiri zaidi.

Dada yako,
Biira